Darsa ya Elimu ya Nafsi: Malipo, Adhabu na Mwenendo wa Mtu

Katika darsa hii twataka kulichungua suala linalomkabili kila mzazi, kila mwalimu na kila mwenye kuongoza watu. Je, mtu huongoka kwa kulipwa na kuadhibiwa tu, au mna jambo jingine ndani yake lisiloonekana kwa macho?

Wako wataalamu wa elimu ya nafsi walioshika jibu la kwanza, nasi tutayaita madhehebu yao madhehebu ya mwenendo. John Watson, Mmarekani, alitangaza mwaka 1913 kwamba elimu hii haina haja ya kuuliza yaliyomo moyoni. Yapasa itazame yale tu yaonekanayo na kupimika, yaani jambo lililomfikia mtu na tendo alilolitenda baada yake. Kabla yake, Ivan Pavlov wa Urusi alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba mbwa aliyezoea kusikia sauti fulani kabla ya kulishwa hufikia kutokwa na mate kwa sauti ile peke yake. Kisha B. F. Skinner, katika kitabu alichokitoa mwaka 1938, akaeleza jinsi panya ajifunzavyo kubonyeza kijiti kwa kuwa kila akibonyeza hupata chakula. Kwa ufupi, tendo linalofuatwa na faida hurudiwa, na lisilofuatwa na kitu hufifia.

Tusiyadharau maneno haya, kwani yana manufaa makubwa. Kwanza, yatuepusha na dhana. Badala ya kusema, "Mtoto huyu ana roho mbaya," twafunzwa kuuliza: kila aliapo sokoni hupewa nini? Akipewa halua ili anyamaze, basi sisi ndio tuliomfundisha kulia. Pili, yametoa tiba. Mwaka 1924 Mary Cover Jones aliandika habari za mtoto aliyemwogopa sungura. Akasogezewa mnyama yule kidogo kidogo huku akila chakula akipendacho, hata khofu ikamtoka. Tatu, kwa kuwa matendo huhesabika, mwenye kukosea hupata kujua kwamba amekosea.

Lakini je, yatosha? Tutoke katika vyumba vya majaribio twende Ukambani, ambako malipo na adhabu vilijaribiwa kwa watu wazima, si kwa panya.

Mwaka ule ule wa 1938, serikali ya kikoloni iliona ardhi ya wilaya ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hata mwaka 1992, yachukuliwa na maji ya mvua. Ikaamuru ng'ombe wapunguzwe kwa nguvu. Wakamba hawakutii; walikwenda Nairobi kwa wingi, wakapiga kambi wiki kadhaa kushitaki. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alihamishwa akapelekwa Lamu, huku kwetu pwani. Hata hivyo, kabla ya mwaka kwisha amri ile iliondolewa. Adhabu ilizaa ushindani, haikuzaa mafunzo.

Baadaye ikaja kazi ya lazima ya kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Matuta yalichimbwa, na mwenye kuhesabu matendo angesema watu wamejifunza. Ukoloni ulipokaribia kwisha na amri zikalegea, pahala pengi matuta yaliachwa bila kutengenezwa. Na ajabu yake ni kuwa katika miaka ya 1960 na 1970 watu wale wale walirudi kuchimba kwa hiari yao. Wengi walichimba kwa mtindo uitwao fanya juu, yaani kutupa udongo upande wa juu wa mtaro, hata shamba likawa kama ngazi pana zenye kushika maji. Kutoka miaka ya 1930 hata mwisho wa miaka ya 1980 watu wa nchi ile waliongezeka karibu mara sita, na juu ya hayo ardhi ikatunzwa vizuri zaidi kuliko awali.

Mfuasi wa Skinner atatujibu: "Wameona mavuno na bei ya soko; hayo ndiyo malipo." Jibu lake lina haki, wala hatulikatai. Skinner mwenyewe alishikilia kwamba adhabu hulizima tendo kwa muda tu, haling'oi.

Basi na tutazame Kitui. Huko mito mingi hukauka baada ya mvua. Tangu miaka ya 1990, kwa msaada wa shirika la SASOL, wanavijiji wamejenga mamia ya mabwawa ya mchanga. Ukuta hujengwa kukata mto. Mafuriko huleta mchanga msimu baada ya msimu, na maji hukaa baina ya chembe zake, jua lisiweze kuyamaliza. Kazi hii hutegemea mwethya, ndio ujima wa Kikamba. Sasa, panya akicheleweshewa chakula hata kidogo hujifunza kwa taabu. Mwanamke wa Kitui hubeba mawe leo kwa ajili ya maji ambayo huenda yakachukua misimu kadhaa kutimia. Kinachomwongoza ni picha aliyonayo akilini ya jambo ambalo bado halijawa, na imani yake kwa jirani zake.

Hapa ndipo madhehebu haya yanapopungukiwa. Hupima mkono, hayapimi maana. Tuta la woga na tuta la hiari ni sawa machoni, lakini moja hufa msimamizi akiondoka. Edward Tolman alieleza mwaka 1948 kwamba hata panya huwa na namna ya ramani kichwani mwake. Na Noam Chomsky, mwaka 1959, alimkumbusha Skinner kwamba mtoto husema maneno ambayo hajapata kuyasikia wala kulipwa kwayo.

Haya si ya Wakamba peke yao. Fimbo ilipopigwa marufuku katika skuli za Kenya mwaka 2001, wengi waliuliza ni kitu gani kitakachowashika watoto. Twasema: tuzo ndogo itolewe kwa wakati wake, na sifa ya haki isicheleweshwe; hayo twayachukua kwa Skinner. Lakini mtoto aelezwe sababu, ashirikishwe katika kazi, aonyeshwe mwisho wake. Asomaye kwa kuogopa bakora hufunga kitabu mwalimu anapogeuka. Aliyefahamu faida yake hukifungua akiwa peke yake.

Maswali ya kudurusu:

1. Ni mwenendo gani mbaya wa watoto wetu tunaoulipa bila ya kujua?

2. Kwa nini matuta yale yale yaliachwa, kisha yakapendwa?

3. Katika kazi za mtaa wetu, ni ipi ambayo ingeendelea lau hapangekuwa na msimamizi?