Kwa Nini Tairi Moja Huzunguka Bure

Egesha Hilux tupu, ya kuvuta nyuma peke yake, tairi la kushoto likiwa kwenye lami kavu na la kulia kwenye tope. Kanyaga mafuta. La kulia litarusha tope mpaka kwenye bodi, la kushoto litasimama tu. Wengi husema nguvu yote imekimbilia kulia. Si kweli, na asiyejua kwa nini si kweli asianze kufungua difu.

Tuanzie kwenye kona. Tairi la nje hutembea njia ndefu kuliko la ndani. Kama kati ya matairi ya nyuma kuna mita 1.5, ukigeuka robo duara la nje hutembea karibu mita 2.36 zaidi: 1.5 mara 3.14, gawa kwa 2. Ukali wa kona hauingii kabisa katika hesabu hiyo; kona ya uchochoroni na ya barabara kuu zina tofauti ileile. Matairi yakifungwa kwenye shafti moja ngumu, lazima mojawapo liburuzwe umbali huo. Ndiyo sababu Mfaransa Onésiphore Pecqueur, fundi wa saa, alipata hataza ya difu ya gari tangu miaka ya 1820.

Ndani ya difu, gia ndogo iitwayo pinioni inazungusha gia kubwa iitwayo kraun, na kraun inabeba kasha lenye vigia vidogo. Kila kigia kimeumana na gia mbili, moja ya tairi la kushoto, nyingine ya kulia. Shika ufito katikati, ncha zake ziguse vifua vya watu wawili, kisha sukuma. Wote wanapata msukumo sawa. Mmoja akirudi nyuma bila kukaza, ufito unakugeukia mkononi, na yule aliyesimama imara naye hasukumwi tena. Kigia ndio ufito huo. Difu ya kawaida hugawa nguvu ya kuzungusha sawa kwa sawa, daima. Tairi la kwenye tope halijanyang'anya kitu. Limekataa kupokea, na mwenzake akapewa kidogo kilekile.

Tuweke tarakimu za mfano. Kila tairi la nyuma limebeba kilo 350, yaani uzito wa nyutoni 3,400 hivi. Kwenye lami, msuguano wa 0.7 ungelipa nyutoni 2,400. Kwenye tope, wa 0.1 unatoa 340 tu. Kwa kuwa mgao ni sawa, jumla ni 680. Gari la kilo 1,600 linalopanda mwinuko wa mita 5 kwa kila mita 100 linahitaji karibu 785, hata kabla ya kuhesabu ukinzani wa tope lenyewe. Umekwama, na nyutoni zaidi ya 2,000 za tairi la kushoto zimelala bila kazi.

Difu ya LSD, yaani inayozuia tairi moja kukimbia peke yake, huvunja usawa huo. Kati ya gia za pembeni na kasha hupangwa sahani za klachi. Meno yanaposukumana hujaribu kutengana, na kutengana huko hubana sahani. Spring nazo huongeza kidogo. Tairi moja likitaka kukimbia, msuguano wa sahani unalizuia na kumpa mwenzake ziada. Uwiano ukiwa 2.5, lenye tope linapata 340, lenye lami 850, jumla 1,190. Unapanda. LSD haizalishi mshiko. Matairi yote mawili yakiwa topeni, itakusaidia kidogo sana.

Kufunga kwenyewe sasa. Katika Hilux difu nzima hutokea mbele ya nyumba ya ekseli, ila kwanza umwage oili, uchomoe shafti za magurudumu pande zote mbili na ufungue propela shafti. Tafuta msaidizi, maana difu ni nzito. Vifuniko vya beringi vilichongwa vikiwa vimefungwa mahali pake, kwa hiyo vitie alama, cha kushoto kisije kurudi kulia. Pinioni usiiguse: kama unahamisha kraun ileile kwenye kasha jipya la LSD, kina chake hakibadiliki. Kinachobadilika ni nafasi kati ya meno ya kraun na ya pinioni. Kwa kraun ya inchi 8, iwe milimita 0.13 hadi 0.18, ipimwe kwa geji ya saa. Ikibana mno, chuma kikipata joto na kupanuka, oili itakosa pa kupita. Ikilegea mno, meno yatagongana kila unapokanyaga na kuachia mafuta. Kurekebisha, legeza nati ya beringi ya upande mmoja na ukaze ya pili kwa kiasi hichohicho, mkazo wa beringi usibadilike. Hatua hii ndiyo inayoula muda, na wenye haraka huijutia kwa mlio.

Gari likiwa bado juu ya stendi, usiingize gia injini ikiwaka huku tairi moja la nyuma limegusa chini. Zamani la hewani lingezunguka bure. Sasa la chini nalo linasukumwa, na gari linaweza kuruka jeki.

Jaza oili ya difu yenye kiongezi cha LSD, kisha tafuta uwanja mtupu uzunguke polepole kwa umbo la nane, oili iingie kati ya sahani. Ukisikia mtetemo na mkwaruzo konani, shuku oili kwanza kabla ya kufungua chochote.