Pedali ya freni ikizama: tubadilishe mafuta na kutoa upepo



Kazini, motokari ya kampani inapita mbele ya fundi wa garaji. Lakini motokari yako ya nyumbani, ile inayobeba bibi na watoto siku ya Mungu, nani anaiangalia? Ni wewe mwenyewe. Basi leo tujifunze kazi moja ambayo wengi wanaisahau.

Sababu gani mafuta ya freni yanazeeka?

Mafuta haya yanakunywa maji ya hewani, kidogo kidogo, hata kikopo kikifungwa vizuri. Mafuta mapya ya DOT 4 hayachemki mbele ya digrii 230. Yakisha kunywa maji, yanaweza kuchemka kwa digrii 155 tu. Ukishuka mlima na mzigo, mguu juu ya freni, mafuta yanachemka na mvuke unaingia ndani ya tiyo. Mafuta hayabanwi, lakini mvuke unabanwa. Unakanyaga, pedali inazama mpaka chini, na motokari haisimami. Kwa hiyo, ubadilishe mafuta kila miaka 2.

Vyombo

Litre 1 ya mafuta mapya, ya namna iliyoandikwa juu ya kifuniko cha kikopo, kle inayoshika visi barabara, tiyo ndogo ya plastiki inayoonyesha ndani, chupa, na mtu mmoja wa kukusaidia. Usitie mafuta ya motere hata tone moja: yanavimbisha mipira ya freni na kuiharibu.

Namna ya kufanya

1. Simamisha motokari mahali pa sawasawa, motere imezimwa. Zuia pine kwa mawe. Kriki peke yake haitoshi: tia vikalio vya chuma chini. Tofali linapasuka bila kukuonya.

2. Nyonya mafuta ya zamani ndani ya kikopo kwa sirenge, si kwa mdomo. Jaza mapya.

3. Anza na pine iliyo mbali na pompu ya freni. Kwa motokari nyingi za kwetu ni ile ya nyuma, kuume. Lakini kama una kitabu cha motokari, fuata kitabu.

4. Vika tiyo juu ya visi ya kutoa upepo. Ncha nyingine izame ndani ya mafuta kidogo katika chupa.

5. Mwenzako anakanyaga pole pole na kusema: «Nimeshika!» Wewe unafungua visi, pedali inashuka. Unafunga visi, halafu unasema: «Achia!» Akiachia mbele hujafunga, upepo unarudi ndani, na kazi yote ni bure. Weka kipande cha mbao chini ya pedali ili isifike mwisho.

6. Rudilia mpaka mafuta yatoke safi, bila povu. Kila mara tazama kikopo: kisikauke hata mara moja. Halafu nenda pine nyingine, mpaka zote 4.

Mbele ya kutoka

Kanyaga pedali. Iwe ngumu, na ikae juu. Ukiikaza dakika moja, isishuke. Tazama kama visi yoyote inavuja. Halafu jaribu pole pole ndani ya lupango, si njiani. Pedali ikibaki laini, usiende: ita fundi. Na kama motokari ina ABS na upepo umeingia ndani yake, hiyo ni kazi ya garaji.

Angalisho kwa nyumba

Mafuta ya freni ni sumu. Usiyaweke hata siku moja ndani ya chupa ya bia au ya limonadi: mtoto mwenye kiu hasomi, anakunywa. Akikunywa, mpeleke hospitali mara moja, na kopo mkononi. Yakiingia machoni, osha kwa maji mengi dakika 15, kisha muone munganga. Yakimwagika juu ya rangi ya motokari, osha kwa maji upesi, maana yanaila. Yale ya zamani usiyarudishe kazini mwa freni, wala usiyamwage karibu na kisima.

Ndugu, motere ikikataa kuwaka, utachelewa kazi. Freni ikikataa kushika, hutafika. Tazama kikopo chako leo.