Nikikosea tena, si nitafukuzwa?



Jumapili moja, baada ya kikao cha VIWAWA, dada mmoja alinivuta pembeni. Nikadhani anataka kuungama (huwa nawakumbusha kwamba mimi bado ni frateri, kwa kitubio mfuateni padre), kumbe sivyo. Anafanya kazi kwenye kibanda cha wakala wa kutuma na kutoa pesa, karibu na stendi. Kazi anaipenda kweli. Wateja wake anawajua kwa majina, hadi yule bibi anayekuja kila mwisho wa mwezi kutoa hela ya mwanawe na hawezi kusoma meseji.

"Frateri, mwezi huu nimekosea namba mara tatu," akaniambia. "Mbili zilirudi. Ya tatu, elfu themanini, imekwenda moja kwa moja, aliyepokea kazima simu. Bosi hajanifokea. Ananinyamazia tu, na hiyo ndiyo inaniua. Usiku silali. Nikishika rozari nahesabu floti. Nikikosea tena, si nitafukuzwa? Na Mungu naye, mbona haniponyi na hii akili?"

Siku ile sikuwa na jibu la maana. Tulisali Salamu Maria moja, nikamwambia atulie, akaondoka vile vile alivyokuja. Njiani nikajilaumu, maana ugonjwa wake naujua. Mimi mwenyewe niliuugua karibu mwaka mzima.

Kwa msiofahamu: sisi tukimaliza masomo ya falsafa, wengi tunatumwa mwaka mmoja wa uchungaji kabla ya kuanza teolojia. Unakaa parokiani, unafundisha, unatembelea jumuiya, unafanya utakachopewa, na mwisho wa mwaka paroko anaandika ripoti. Ripoti hiyo ikisema hufai, safari inaweza kuishia hapo. Mimi nilipangiwa ofisi ya parokia: kupokea nia za misa, kutoa vyeti, na kujaza madaftari.

Niliipenda kazi ile kuliko nilivyotegemea. Hebu fikiri: Sheria za Kanisa, kanuni ya 535, zinadai kila parokia iwe na daftari la ubatizo, la ndoa na la marehemu. Kanuni ya 877 inataja hadi mambo ya kuandikwa: jina la mbatizwa, wazazi, wasimamizi, aliyebatiza, mahali na tarehe ya ubatizo, mahali na tarehe ya kuzaliwa. Na hadithi haiishii pale. Ukipata kipaimara, ukifunga ndoa, ukipewa daraja au ukiweka nadhiri za daima, taarifa inarudi kuandikwa kwenye mstari wako ule ule wa ubatizo. Yaani kuna mstari mmoja mahali fulani unaokusubiri maisha yako yote. Nilikuwa nafungua madaftari ya zamani, wino umekuwa kahawia, naona mtoto aliyebatizwa wakati wa ukoloni, pembeni yake ndoa imeandikwa kwa mkono wa padre mwingine, na ninajisikia kama nimeshika kitu kitakatifu. Na nilikuwa nimeshika kweli.

Halafu nikaanza kukosea.

La kwanza lilikuwa dogo: jina la msimamizi niliandika mahali pa mama mzazi. La pili, nilimpa binti cheti chenye mwaka usio wake, ikagundulika wakati wanaandaa matangazo ya ndoa, akalazimika kusafiri kurudi kwetu na nauli yake. La tatu sitalisahau. Familia moja ilitoka mbali kwa misa ya kumkumbuka baba yao. Nia nilikuwa nimeipokea mwenyewe siku ya Jumanne. Jumapili wakakaa benchi la mbele, zikasomwa nia zote, jina la baba yao halikusomwa. Baada ya misa yule mama alikuja ofisini taratibu kabisa. "Samahani, Frateri. Naona jina la baba watoto lilisahaulika." Basi. Angenitukana ningepona haraka zaidi.

Kuanzia hapo nikawa naogopa kalamu. Nakagua mstari mmoja mara tano, na katika kuukagua huo, ninaruka wa chini yake. Makosa yakaongezeka. Na cha kuchekesha, chuoni niliandika insha nzima juu ya hofu kwa Mtakatifu Thoma wa Akwino, nikapata maksi nzuri tu. Katika Summa Theologiae, kwenye swali la 44 la sehemu ya kwanza ya kitabu cha pili, anauliza matokeo ya hofu. Anasema hofu ya kiasi inasaidia kazi, kwa sababu mtu anakuwa makini. Ikipanda hadi kuivuruga akili, inaiharibu kazi yenyewe. Na anaongeza jambo ambalo darasani nililipita haraka: mwenye hofu anatamani sana ushauri, lakini yeye mwenyewe ni mshauri mbaya, maana hofu inayakuza mambo kuliko yalivyo. Sasa wewe saa nane ya usiku, kitandani, unajishauri mwenyewe kuhusu bosi wako. Unategemea ushauri gani utoke hapo?

Mimi ulinitoka huu: ficha. Siku moja nikakuta nimeandika tarehe ya ubatizo palipotakiwa tarehe ya kuzaliwa. Tena! Paroko alikuwa kigangoni. Nikachukua wembe, nikakwangua. Daftari la ubatizo halikwanguliwi. Kosa linaachwa lionekane, marekebisho yanaandikwa pembeni kwa tarehe na saini. Nilijua. Nikakwangua hata hivyo, mpaka karatasi ikawa nyembamba inapitisha mwanga.

Hapa nataka tusimame kidogo, kwa sababu lugha yetu inatuchanganya. Kwa Kiswahili, aliyekosea namba "amekosa", na anayejipiga kifua kwenye sala ya Nakuungamia naye "amekosa". Neno ni moja. Ndiyo maana kijana akikosea kazini mara tatu anajisikia kama mwenye dhambi anayerudia dhambi, anaanza kuhisi Mungu amemgeuzia kisogo. Lakini dhambi inahitaji ujue na utake. Kuandika tarehe kwenye safu isiyo yake kwa kuchanganyikiwa, mtu hakutaka. Kulikwangua daftari kwa wembe, nilijua na nilitaka. Hilo la kwanza nililipeleka kwa paroko. Hili la pili nililipeleka kwa paroko na kitubioni pia.

Nisiwadanganye lakini. Katikati ya hayo mawili pana uzembe, na Thoma huyo huyo anauhesabu uzembe kuwa dhambi, kwa sababu mtu anaacha umakini anaopaswa kuwa nao. Kama unakosea kwa sababu jana ulikesha kwenye simu, au unahesabu hela za watu huku unachati, usijifariji kwamba ni bahati mbaya. Jiulize kwa ukweli, kisha ukubali jibu.

Aliyeniokoa ni katekista mzee wa pale. Aliliona lile tundu la mwanga. Hakusema lolote juu ya wembe. Aliniuliza, "Frateri, hivi wewe unaandika saa ngapi?" Nikamweleza: mchana napokea watu, naandika haraka kwenye vikaratasi, usiku ndiyo nahamishia daftarini. "Kwa nini usiandike wakiwa wamekaa hapo?" Nikakosa jibu. Nilipofika chumbani nikalipata, na lilikuwa la aibu. Sikutaka watu waone naandika polepole. Frateri mwenye shahada ya falsafa, akina mama wamkalie wakimsubiri anakopi majina herufi kwa herufi? Nilitaka nionekane mwepesi.

Yaani makosa yote yale, la msimamizi, la cheti, la marehemu, yalikuwa na mzizi mmoja: hofu ya watanionaje. Na dawa niliyokuwa nikiyatibia, wembe, ilitoka kwenye mzizi huo huo.

Kuanzia hapo nikamsoma Petro tofauti. Sote tunalijua la uani kwa Kuhani Mkuu, kumkana Bwana mara tatu. Tunajua pia Yohane sura ya 21, pale ufukweni: Yesu anamuuliza mara tatu juu ya upendo, na kila mara anamkabidhi kondoo. Hakumdai kwanza ahadi kwamba hatarudia. Tunafunga kitabu hapo, tumefurahi. Sasa soma Wagalatia 2. Miaka imepita, Petro ni mtume mkubwa, yuko Antiokia anakula na watu wa mataifa. Wanafika wageni kutoka kwa Yakobo, naye anajitenga kwenye meza kwa kuwaogopa. Mahali ni pengine, udhaifu ni ule ule wa uani: watasemaje? Paulo akamwambia usoni, mbele ya watu. Na Petro akaendelea kuwa Petro. Mimi hili linanifariji kuliko habari za watakatifu wasiokosea, na pia linanionya, maana pale Antiokia hata Barnaba alivutwa kwenye unafiki ule. Kosa la mtu linalojirudia linawagusa na wengine.

Kwa hiyo nilienda kwa paroko na daftari mkononi. Sitawaambia alikuwa mpole. Aliwaka, na aliwaka kwa ajili ya wembe. Kuhusu tarehe hakusema neno. Akaniagiza niandike marekebisho pembeni, akasaini. Zaidi ya hapo akaniachia funguo za ofisi, nikazipokea mikono inatetemeka.

Kuna mtu atauliza: na nikifukuzwa kweli? Inatokea. Mtakatifu Yosefu wa Cupertino, kule kusini mwa Italia, alipokelewa na Wakapuchini mwaka 1620 kama bruda wa kazi za mikono. Simulizi za maisha yake zinasema alivunja vyombo na kuchanganya mikate, akili iko mbinguni. Baada ya miezi kama minane wakamwondoa. Hakuwa amewakosea kwa makusudi, nao walikuwa na haki ya kutaka mtu anayeweza kazi. Baadaye Wafransisko wengine walimpa kazi ya kutunza wanyama zizini, akapata padirisho mwaka 1628, na Kanisa likamtangaza mtakatifu mwaka 1767. Wanafunzi wanamwombea mitihani yao kwake. Lakini siku ile anavua kanzu ya Wakapuchini hakuyajua hayo, na naamini alilia.

Nilirudi kwa yule dada Jumapili iliyofuata, safari hii na kitu mkononi: daftari la kurasa arobaini. Nikamwomba aandike kila kosa, hata lile aliloliwahi, saa ngapi, nani alikuwepo, alikuwa akifanya nini. Usiku alete daftari hilo mbele ya Mungu kabla ya kulala, alisome mara moja, alifunge. Nikamwambia pia jambo la kidunia: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi, ingawa aliye chini ya miezi 6 kazini hana ulinzi huo. Na akitaka kukata mshahara kwa hasara, aeleze kwa maandishi sababu na kiasi, na mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga. Alikuwa hajui. Wengi wetu hatujui.

Daftari lilijibu ndani ya wiki mbili. Makosa karibu yote yanatokea jioni, mabasi yakishaingia, foleni inanung'unika, "dada, fanya haraka bwana," na mteja anamtajia namba kwa mdomo. Alikuwa anaona aibu kumwambia mtu arudie. Nilipomsikia nikacheka kidogo, nikamsimulia habari za vikaratasi vyangu.

Akaenda kwa bosi na daftari lake kabla hajaitwa. Wamekubaliana ile elfu themanini ailipe kidogo kidogo. Na sasa mteja anaandika namba mwenyewe kwenye karatasi, dada anaisoma kwa sauti kabla ya kubonyeza, foleni inune ikinuna.

Ripoti yangu sikuonyeshwa. Niko mwaka wa kwanza wa teolojia, basi najua haikuwa mbaya kiasi cha kunirudisha nyumbani. Zaidi ya hapo sijui.

Yeye alinitumia ujumbe juzi. Amekosea tena, tarakimu moja, ila alikuwa anaisoma kwa sauti na mteja akamkatiza kabla hajabonyeza. Yule mteja alikuwa na haraka na alikasirika kidogo. Bosi bado hajasema kama atambakiza baada ya mwezi huu. Kesho yake alikuwa anafungua kibanda saa moja asubuhi, kama kawaida, na bibi wa mwisho wa mwezi alikuwa ameshafika.