Jina la Mazrui: Limetoka Wapi na Kwa Nini Ni Adimu?



Katika somo letu la leo tutazungumzia majina ya ukoo. Ukisoma orodha ya watu wa shehia yoyote hapa Pemba, utakuta Khamis, Juma, Makame, Kombo, Hamad, Faki na Mbarouk. Majina haya yamejaa tele. Lakini mara chache utakuta mtu ameandikwa Mazrui. Basi tulichukue jina hili moja tulisome vizuri. Tukilielewa, tutaelewa pia jinsi majina ya koo zetu wenyewe yanavyopotea, na jinsi ya kuyahifadhi.

MAJINA YETU MATATU

Kwa desturi yetu mtu huandikwa majina matatu: lake, la baba yake na la babu yake. Tuseme yupo mtu anaitwa Khamis Juma Makame. Khamis ni yeye, Juma ni baba, Makame ni babu. Khamis akizaa mtoto akamwita Asha, mtoto ataandikwa Asha Khamis Juma. Je, Makame yuko wapi? Keshatoka.

Kumbe jina la tatu si jina la ukoo. Ni jina la babu tu, na kila kizazi hubadilika. Jina la ukoo ni lile lisilobadilika, la mtu na babu wa babu yake. Mazrui ni jina la namna hiyo.

MAANA YAKE

Mazrui ni jina la Kiarabu. Waarabu huandika Al-Mazrui. Hiyo "Al" ya mbele si jina. Ni kitu cha lugha yao tu, na wengine huiacha. Ile "i" ya mwisho maana yake ni "mtu wa". Ndiyo hiyo hiyo tunayoisikia katika Shirazi, yaani mtu wa Shiraz, na katika Busaidi.

Katikati limebaki neno mazru lenyewe. Asili yake ni kupanda na kulima. Wazee wa visiwani wanalijua neno ziraa, yaani kilimo. Maneno haya mawili ni ndugu, yametoka shina moja. Basi jina hili lina harufu ya shamba.

Lakini tuangalie. Maana ya jina si lazima iwe kazi ya mtu. Wapo akina Mazrui waliokuwa watawala, wanazuoni, mabaharia na wafanyabiashara. Ni kama vile mtu aitwaye Juma si lazima awe amezaliwa siku ya Ijumaa.

MAZRUI NA PEMBA

Ukoo huu ulitoka Oman. Mwaka 1698 Waomani waliwafukuza Wareno katika ngome ya Mombasa, ile iitwayo Fort Jesus. Baadaye, katika miaka ya 1730, Muhammad bin Uthman wa ukoo wa Mazrui aliwekwa kuwa liwali wa Mombasa. Liwali ni mtu anayetawala mji kwa niaba ya mkubwa wake.

Katika miaka ya 1740 utawala wa Oman ulishikwa na ukoo mwingine, yaani Busaidi. Mazrui wa Mombasa wakakataa kuwatii. Wakajitawala wenyewe, na Pemba ikawa chini yao.

Kwa nini waliitaka Pemba? Jibu ni mpunga. Mombasa ilikuwa na ngome na bandari, lakini chakula chake hakikutosha. Pemba ina mvua nyingi na mabonde yenye rutuba. Waarabu waliiita Kisiwa cha Kijani. Mchele wa Pemba ulipakiwa majahazini ukapelekwa Mombasa. Aliyeshika Pemba alishika ghala la chakula.

Alama zao zipo mpaka leo. Huko Chwaka, karibu na Tumbe, kaskazini ya kisiwa chetu, kuna magofu ya mji wa kale, na yapo makaburi yanayojulikana kuwa ni ya Mazrui.

Utawala huo haukudumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1820 Sayyid Said wa Oman, wa ukoo wa Busaidi, aliwanyang'anya Pemba. Wapemba wengine walikuwa wamechoka na utawala wa Mombasa, wakamuunga mkono. Ghala likaondoka, na nguvu za Mombasa zikapungua. Mwaka 1837 Sayyid Said akaichukua Mombasa yenyewe. Wakubwa wa Mazrui wakakamatwa na kupelekwa mbali. Waliosalia wakakimbilia Gazi na Takaungu, katika pwani ya Kenya ya leo. Mwaka 1895 mmoja wao, Mbaruk bin Rashid, alipigana na Waingereza. Mwaka 1896 alishindwa, akavuka mpaka na watu wake, akaingia nchi iliyokuwa ya Wajerumani, ambayo baadaye iliitwa Tanganyika.

LINAPOJULIKANA SANA

Jina hili ni adimu kwetu, lakini kwingine si adimu. Mombasa kila mtu analijua. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, akafariki mwaka 1947. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, alizaliwa Mombasa mwaka 1933, akafundisha Uganda na Marekani, akajulikana dunia nzima kwa maandishi yake. Alifariki Marekani mwaka 2014, akaletwa kuzikwa Mombasa katika makaburi ya ukoo wake, karibu na ile ngome.

Huko Oman na Falme za Kiarabu nako jina hili lina watu wengi. Ila Falme za Kiarabu mara nyingi huandikwa Al Mazrouei. Jina ni lile lile, tahajia ndiyo mbali.

KWA NINI NI ADIMU KWETU?

Sababu ya kwanza ni ile ya majina matatu. Mtu akishaandika lake, la baba na la babu, nafasi ya ukoo haipo.

Sababu ya pili ni kina mama. Tuseme Bi Salma ni Mazrui. Kaolewa na Khamis. Yeye mwenyewe habadilishi jina lake, maana kwetu mke hachukui jina la mume. Lakini watoto wake wataitwa kwa baba yao. Damu ya Mazrui wanayo, jina hawana. Kwa hiyo jina kuwa chache si watu kuwa wachache! Huenda wewe unayesoma hapa ni mjukuu wa Mazrui na hujui.

Sababu ya tatu ni kuhama. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 watu wengi wenye asili ya Kiarabu waliondoka Unguja na Pemba, wakaenda Kenya, Oman na kwingineko. Majina yao wakaenda nayo.

TUFANYE NINI?

Hapa hatusemi kuwa mwenye jina la ukoo ni bora kuliko asiye nalo. La, hasha. Tunasema kuwa jina likipotea, na haki inaweza kupotea. Mzee akifariki akaacha shamba la mikarafuu, warithi huulizwa: "Nyinyi ni nani kwake?" Ikiwa cheti kimoja kinasema Mazrui, kingine Mazrouei, na cha tatu hakina ukoo kabisa, watoto wa baba mmoja wataonekana kama wageni. Watazungushwa huku na huku.

Tuna mashauri matatu.

Kwanza, chagua tahajia moja. Iwe hiyo hiyo katika cheti cha kuzaliwa, shuleni, katika kitambulisho na katika hati ya shamba. Kabla ya kupokea karatasi yoyote, isome jina kwa jina. Kosa lisahihishwe pale pale.

Pili, kaa na wazee. Uliza majina ya mababu upande wa baba na upande wa mama. Usiwasahau bibi.

Tatu, andika. Sheikh Al-Amin aliandika habari za ukoo wake kwa Kiarabu. Yeye alifariki, lakini maandishi hayakufa. Mwaka 1995 yalitolewa kitabu pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Sisi daftari la shule linatosha. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na ukoo ni hivyo hivyo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Jina la tatu la Khamis Juma Makame ni la ukoo au la babu? Eleza.
2. Kwa nini watawala wa Mombasa waliihitaji Pemba?
3. Taja sababu tatu za jina la Mazrui kuwa adimu hapa kwetu.
4. Andika majina ya mababu zako wanne wa upande wa baba, na wanne wa upande wa mama. Umekwama wapi? Nani katika kijiji chako anaweza kukusaidia?