Barua Rasmi: Kuomba Msamaha wa Kodi ya Jengo

Swali: Bibi yako, mjane mwenye umri wa miaka 71, hana kipato na anaishi katika nyumba yake ya pekee. Kila mwezi anaponunua umeme hukatwa kodi ya jengo. Mwandikie barua ya kuomba msamaha.

Elewa hoja kwanza

Nchini Tanzania, tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU. Tangu Julai 2023, nyumba ya kawaida hukatwa shilingi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Sheria inasamehe nyumba moja ya makazi ya mzee wa miaka 60 au zaidi, au ya mtu mwenye ulemavu, ambaye hana kipato na anaishi humo mwenyewe. Lakini mita haijui umri wa mwenye nyumba. Asipoomba, ataendelea kukatwa.

Mpangilio

Anwani ya mwandishi, tarehe, anwani ya mwandikiwa, salamu, kichwa cha barua (YAH:), kiini, mwisho, saini na jina.

Mfano wa kiini

*Naomba kusamehewa kodi ya jengo kwa nyumba yangu iliyotajwa hapo juu. Nina umri wa miaka 71. Hii ndiyo nyumba pekee ninayomiliki. Naishi humo mwenyewe na sina kipato. Nimeambatisha nakala ya kitambulisho cha taifa, uthibitisho wa umiliki na barua ya serikali ya mtaa.*

Makosa ya kuepuka

1. Kuchanganya nafsi. Kalamu umeshika wewe, lakini barua ni ya bibi. "Nina" ni bibi, na saini ni yake.

2. Kulalamika. Neno "msamaha" lisikupotoshe: bibi hajakosa, wala haombi sadaka. Anadai haki iliyomo katika sheria. Aya nzima ya machozi haina uzito kama sentensi moja yenye umri wake.

3. Kuficha ukweli. Bibi angekuwa na wapangaji, hoja ya kukosa kipato ingeanguka.

Zoezi

Mjomba wako, mwenye umri wa miaka 45, haoni na hana kipato. Anamiliki nyumba mbili: anaishi katika moja, na nyingine imefungwa. Aombe msamaha kwa nyumba ipi? Andika kiini cha barua yake. Ukimaliza, tazama kama jirani yako mzee anahitaji barua ya kweli.