Kuwatia Moyo Wafanyakazi Wakati wa Uchumi Mgumu

Masomo: Kum 24:14-15, Mt 20:1-16, Yak 5:4



Hapa Ngulyati na Simiyu kwa jumla, bei ya pamba ikianguka haianguki peke yake. Mwaka 2019 bei elekezi ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo, na wakulima wengi walingoja malipo yao kwa miezi. Mwaka 2020, korona ilipotikisa soko la dunia, msimu ulianza kwa shilingi 810. Mkulima akikosa fedha, duka halina wateja, fundi hana kazi, na sadaka ya Jumapili inapungua. Lakini parokia inayotegemea sadaka hiyo ina mlinzi, mpishi, pengine na walimu wa chekechea. Frateri wa leo ndiye mwajiri wa kesho. Awatieje moyo watu hao?

1. Ujira kwanza, maneno baadaye

Torati inaagiza maskini alipwe kabla jua halijatua, kwa kuwa anautegemea ujira huo ili aishi. Katika mfano wa shamba la mizabibu pia, malipo yanatolewa jioni ileile. Papa Leo XIII, katika waraka Rerum Novarum (1891), alifundisha kwamba makubaliano pekee hayaufanyi mshahara kuwa wa haki. Lazima umtoshe mfanyakazi kuishi. Basi kusema "alikubali mwenyewe" si utetezi. Matumizi yakipunguzwa, ianze safari za gari, sherehe na ukarabati unaoweza kusubiri. Mshahara wa mlinzi uguswe mwisho.

2. Ukweli usemwe mapema

Uvumi huvunja moyo kuliko habari mbaya iliyosemwa wazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa, aeleze sababu na kushauriana nao. Ikiwa sheria ya nchi inadai hayo, upendo wa Kikristo hauwezi kudai pungufu. Waiteni, waonyesheni mapato na matumizi, kisha wasikilizeni.

3. Mfanyakazi ashirikishwe

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens (1981), alieleza kwamba mtu anahitaji kutambua kuwa hata anapofanya kazi pamoja na wengine, anafanya kazi kwa ajili yake mwenyewe pia. Mpishi anajua chakula kinapotea wapi. Mlinzi anajua taa zipi zinawaka bure usiku. Akiulizwa, na ushauri wake ukafuatwa, huiona kazi kuwa yake. Asipoulizwa, hungoja tu mwisho wa mwezi.

4. Mzigo uanzie juu

"Mvumilivu hula mbivu" ni methali njema, ila haisikiki vizuri kinywani mwa aliyeshiba. Kiongozi akijipunguzia kwanza, hahitaji hotuba ndefu.

Je, kama fedha hakuna kabisa? Hapo kubalianeni kwa maandishi: siku za kazi zipunguzwe, au deni liandikwe pamoja na tarehe ya kulilipa, tuseme baada ya mauzo ya pamba. Msimwambie mtu kwamba "anajitolea kwa ajili ya Mungu" ilhali hakuchagua. Kujitolea ni zawadi, na zawadi haiamriwi. Mtume Yakobo anaonya kwamba ujira uliozuiliwa unalia, na kilio hicho kinamfikia Bwana.

Wala fundisho hili si la mapadre peke yao. Muumini mwenye kibarua shambani, au binti wa kazi nyumbani, naye ni mwajiri.

Maswali ya kutafakari

- Nani ananidai ujira leo, na nimemwambia nini?
- Katika parokia yetu, matumizi yakipunguzwa huanza kwa nani?
- Ni lini mara ya mwisho nilimwomba ushauri mtu ninayemlipa?

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.