UKISTAAFU NA GARI LAKO, UTAKAA WAPI?

Somo la kujadili nyumbani, katika vikundi na katika jumuiya



Katika matembezi yetu ya kazi hapa Macalder na vijiji vya Nyatike, kuna swali tunaloulizwa mara nyingi na watu wanaokaribia kustaafu. Swali lenyewe ni hili: "Nikimaliza kazi, nikae wapi?" Wale wenye gari huliuliza kwa kicheko kidogo, kana kwamba wao wamekwisha kulijibu. Husema, "Mimi nina gari bwana, popote ni karibu."

Somo letu la leo ni juu ya maneno hayo: popote ni karibu. Je, ni kweli? Na kama ni kweli leo, itakuwa kweli mpaka lini?

KISA CHA DEREVA

Kuna mzee mmoja ambaye nimekuwa nikimtembelea. Alikuwa dereva wa malori, akitoka bandari ya Mombasa kwenda Malaba na Kampala, kwa zaidi ya miaka thelathini. Nyuma ya kiti alikuwa na kitanda chake, jiko dogo na jerikeni ya maji. Rafiki zake wakimwuliza atajenga lini, alikuwa akipiga mlango wa lori na kusema, "Nyumba yangu si hii?"

Alipostaafu alichukua kiinua mgongo chake akanunua pikapu iliyotumika. Pesa zilizobaki alinunua shamba upande wa chini, karibu na mahali Mto Kuja unapoingia ziwani. Bei ilikuwa nafuu. Ndugu zake walimwambia pahali pale ni mbali na barabara. Yeye alihesabu safari kwa dakika za pikapu, akaona si mbali.

Miaka ya kwanza ilikuwa mizuri. Pikapu ilibeba omena, ilibeba wagonjwa wa majirani, ilibeba hata maharusi. Halafu macho yakaanza. Kwanza aliacha kuendesha usiku, baadaye akaacha kabisa, kwa sababu ya mtoto wa jicho. Watoto wake wako Nairobi na Eldoret. Bima ikaisha, magurudumu yakakwisha, na pikapu ikapandishwa juu ya mawe chini ya mwembe. Kuku wakaanza kutaga ndani.

Katika mvua ya masika ya 2024, usiku mmoja, mke wake alianguka. Mdomo ulikuwa umepinda na mkono wa kushoto hauna nguvu. Walipiga simu kwa watu wa bodaboda, lakini maji yalikuwa yamefunika njia. Majirani walimbeba juu ya kitanda mpaka penye ardhi kavu, wakangoja kupambazuke. Walifika hospitali siku ya pili baada ya saa sita mchana. Mama yu hai, tunashukuru. Lakini kiharusi ni ugonjwa wa saa, na saa zilikuwa zimepotea. Mkono ule mpaka leo haushiki sufuria.

Mzee aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Nyathina, mimi nilichagua nyumba ya dereva. Sikuchagua nyumba ya mzee."

HATA WENYE NYUMBA ZA MAGURUDUMU

Pengine utasema huyu alikosea kwa sababu ya umaskini. Basi tuangalie wenye uwezo. Huko Marekani wako wastaafu ambao huuza nyumba zao na kuhamia ndani ya gari kubwa lenye kitanda, jiko, choo na bafu. Baridi ikija huelekea kusini, joto likizidi hurudi kaskazini. Ni maisha mazuri kwa wanaoyapenda. Lakini hata wao serikali huwataka wawe na anwani moja ya leseni, ya kodi na ya kupiga kura. Na hata wao huzeeka.

Kuna chama chao kiitwacho Escapees, kilichoanzishwa mwaka 1978. Katika mji wa Livingston, Texas, wanachama waliona wenzao wakifika siku ambayo mikono haiwezi tena usukani. Wakaanzisha pahali ambapo mwanachama anaegesha gari lake, anaendelea kulala ndani yake, na anasaidiwa chakula na mahitaji ya kila siku. Yaani watu wenye nyumba ya kutembea walilazimika kutafuta pahali ambapo nyumba hiyo ingesimama, na pawe na watu karibu.

Funzo ni lile lile la mzee wetu. Usichague makao kwa kufikiria siku ambayo gari linatembea. Chagua kwa kufikiria siku ambayo limesimama.

MAMBO YA KUPIMA KABLA YA KUAMUA

1. Hospitali. Mwenye presha au sukari huenda kliniki kila mwezi, hata kama hajisikii mgonjwa. Hapa kwetu tuna hospitali ya serikali Macalder, St. Camillus kule Karungu, na Migori mjini kuna hospitali ya rufaa ya kaunti na St. Joseph ya Ombo. Je, kutoka unapotaka kujenga, unafika ipi kwa miguu? Ipi kwa bodaboda? Usiku je? Tena hakikisha umejiandikisha SHA, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Asiye na mshahara hulipa kulingana na mapato ya nyumba yake, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, ambazo hulipwa za mwaka mzima kwa pamoja. Ziweke kando kabla ya kununua mabati.

2. Maji, yakiwa mengi na yakiwa haba. Mto Migori unaingia Kuja, na Kuja hubeba mvua ya milima ya Kisii mpaka kwetu. Kwa hiyo mafuriko yanaweza kukupata hata kama kwako haijanyesha. Mwaka 2020 na tena 2024 Ziwa Victoria lilipanda kuliko kiwango chochote kilichowahi kupimwa kabla. Uliza wazee wa pale maji yalifika wapi miaka hiyo, na uonyeshwe kwa kidole. Usimwulize anayeuza. Halafu uliza upande wa pili: Januari watu huteka maji wapi, na ni nani atakayekutekea ukiwa na miaka 75?

3. Ardhi chini ya miguu yako. Mgodi wa shaba wa Macalder ulifungwa mwaka 1966, lakini uchimbaji wa dhahabu haujaisha. Kuna mashimo ya zamani yaliyofunikwa na majani, na kuna mahali ambapo dhahabu husafishwa kwa zebaki, ambayo ni sumu. Ukinunua ploti karibu na machimbo, uliza palikuwa na nini pale. Shimo ambalo kijana huliruka, mzee mwenye macho mabovu huingia ndani.

4. Gari la watu wengine. Hata kama una lako, kaa mahali ambapo matatu hupita. Udongo wetu mweusi ukilowa haumjali mwenye gari wala asiye na gari. Nusu saa ya kutembea mpaka stejini ni mazoezi ukiwa na miaka 60. Baada ya hapo ni kifungo.

5. Watu. Aliyefanya kazi Mombasa miaka thelathini anaweza kurudi nyumbani akawa mgeni. Rafiki zake wako kule, na majirani wa huku wanamjua kwa jina tu, na kwa harambee. Anza kurudi mapema. Njoo likizo, hudhuria mazishi, ingia kikundi, julikana. Usiku ule wa masika, pikapu haikumwokoa mama yule. Waliomwokoa ni majirani wanne waliobeba kitanda.

6. Mapato. Zamani mtu aliogopa kukaa mbali na mji kwa sababu ya kufuata pensheni benki. Siku hizi simu imepunguza taabu hiyo sana. NSSF hulipa ukifika miaka 60, au kuanzia 50 kwa aliyeacha kazi mapema. Kwa hiyo usiruhusu benki ichague makao yako. Iangalie zaidi gharama ya kila siku ya mahali: kodi, maji, kuni, nauli.

DALA, UKOO NA SHERIA

Kwetu Wajaluo kuna jambo ambalo mgeni haelewi haraka. Nyumba ni kitu kimoja na dala ni kitu kingine. Unaweza kuwa na nyumba ya ghorofa Kisumu na bado ukaulizwa dala yako iko wapi. Mwanamume wa miaka sitini ambaye kwao bado ana simba tu, ndani ya dala ya baba yake, ana kazi ya kufanya. Kuanzisha dala kuna utaratibu wake: jogoo, shoka, moto, mwana wa kwanza, na mzee wa ukoo wa kuonyesha pahali. Mdogo hamtangulii mkubwa. Basi ukingoja mpaka mwezi wa kustaafu, unaweza kukuta kaka yako hajajenga, na wewe umefungwa pamoja naye. Kaeni chini myazungumze miaka mitano kabla.

Tukumbuke pia kesi ya wakili S. M. Otieno. Alifariki Desemba 1986. Alikuwa ameishi Nairobi na familia yake, na walikuwa na shamba Upper Matasia karibu na Ngong. Mke wake, Wambui, alitaka azikwe huko. Ukoo wake wa Umira Kager ukataka Nyalgunga, Siaya. Kesi ilikwenda mpaka Mahakama ya Rufani, ukoo ukashinda, na alizikwa Nyalgunga Mei 1987, miezi mitano baada ya kufa. Hatuko hapa kusema nani alikuwa na haki. Tunasema hivi: kuchagua makao ni pamoja na kuwaambia watu wako, wote wakisikia, na kuandika. Usipoamua, wengine wataamua wakiwa na hasira na machozi.

Na dada zetu je? Mwanamke ambaye hakuolewa, au aliyeachana na mume, mara nyingi haonyeshwi pahali kwao. Katiba ya 2010 inakataza ubaguzi wa kijinsia katika mambo ya ardhi, na sheria ya urithi haimwachi binti nje. Namjua mwalimu mmoja aliyestaafu akiwa hana mume. Hakungoja ugomvi wa shamba la baba. Alinunua ploti ndogo kando ya barabara, karibu na soko na hospitali, akajenga vyumba vitatu. Viwili anakaa, kimoja amempangisha nesi. Ana gari dogo ambalo hulitoa Jumamosi na Jumapili. Aliniambia, "Likikataa kuwaka, nafungua mwavuli naenda kwa miguu." Huyo gari ni mtumishi wake.

Ukinunua ardhi, fanya yafuatayo bila aibu, hata kama muuzaji ni shemeji yako. Fanya upekuzi katika ofisi ya ardhi. Kwa shamba la kilimo, omba kibali cha Bodi ya Ardhi ndani ya miezi sita tangu mapatano. Hakikisha mke au mume wa muuzaji amekubali kwa maandishi. Tembea mpakani na majirani.

NA GARI LENYEWE?

Chukua karatasi. Andika bima ya mwaka, magurudumu, mafuta, makanika, na ukaguzi kama ni gari la biashara. Jumlisha, kisha linganisha na pensheni yako. Wengi wakifanya hesabu hii hunyamaza kidogo. Hatusemi uza leo. Tunasema amua mapema ni mwaka gani utaliuza. Gari likiuzwa likitembea ni pesa. Likiuzwa juu ya mawe ni chuma chakavu.

ZOEZI

Kabla hujachimba msingi, nenda ukae pale wiki mbili, mwezi wa Aprili, na gari uliache ulikotoka. Nenda na mke wako au mume wako. Teka maji, nenda sokoni, nenda hospitali, rudi jioni. Mkiweza wiki mbili za Aprili mkiwa na nguvu zenu, jiulizeni itakuwaje bila nguvu. Hapo ndipo mtajua kama pahali ni penu.

Mzee yule wa pikapu sasa anapanga kusogea karibu na barabara, kwa msaada wa watoto wake. Pikapu ameiuza kwa fundi wa jua kali. Kwa pesa kidogo alizopata alilipia bodaboda wa jirani kumpeleka mke wake mazoezi ya mkono, mara mbili kwa wiki. Alicheka akaniambia hiyo ndiyo safari bora pikapu yake imewahi kufanya.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kutoka nyumbani kwako mpaka hospitali, ni saa ngapi kwa miguu? Nani kati yetu amewahi kuzipima?
2. Ni nani katika kijiji chetu amerudi kutoka kazini na bado ni mgeni? Tumtembelee lini?
3. Je, watoto wako wanajua unataka kukaa wapi, na kuzikwa wapi? Waliambiwa au wanakisia?
4. Kikundi chetu kinaweza kupanga nini ili mgonjwa wa usiku asingoje kupambazuke?

Jibuni swali la nne kwa kuandika majina na namba za simu za watu walio tayari kubeba kitanda. Karatasi hiyo ibandikwe mahali kila mtu ataiona, kabla mvua haijaanza.